Redio ya Sufuria: Jinsi Vita Kuu ya Pili Ilivyozaa Redio Lusaka



Ukimuuliza kijana wa leo redio ya serikali ilianzaje, wengi watakwambia ilikuja na uhuru: bendera ikapandishwa, wimbo wa taifa ukapigwa, redio ikafunguliwa. Kumbe sivyo. Redio nyingi za serikali barani kwetu zilianzishwa na wakoloni, na baadhi zilizaliwa na vita kabisa. Leo nimeona tuiangalie moja ya jirani zetu, ile ya Lusaka, Zambia, ambayo siku hizi inaitwa ZNBC.

Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa redio za mwanzo kabisa Afrika kuwatangazia Waafrika kwa lugha zao wenyewe. Pili, historia yake inagusa swali tunalobishania kila siku mpaka leo: hivi watu wanaiamini redio ya serikali mpaka wapi, na imani hiyo huvunjika vipi?

Twende taratibu.

HALI ILIVYOKUWA VITA VILIPOANZA

Kwa wale wasiojua, Zambia ya leo ilikuwa ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, koloni la Mwingereza. Zimbabwe ilikuwa Rhodesia ya Kusini, na Malawi ilikuwa Nyasaland. Mji wa Lusaka ulikuwa bado mchanga, maana ulifanywa makao makuu mwaka 1935 tu.

Vita vilipoanza Septemba 1939, koloni hilo lilikuwa na vitu viwili ambavyo Uingereza ilivihitaji sana. Cha kwanza ni shaba. Migodi ya Ukanda wa Shaba, kule Nkana, Mufulira na Luanshya, ilikuwa inatoa madini ya kutengenezea risasi, nyaya na mitambo. Cha pili ni watu. Kikosi cha Rhodesia ya Kaskazini kilipelekwa Somalia ya Waingereza na kupambana na Waitaliano Agosti 1940, na baadaye askari wake wakafika mpaka Burma, bara la Asia, pamoja na wenzao wa KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Babu zetu na babu zao walikula sahani moja huko, na Kiswahili cha jeshini kilisikika kwenye kambi hizo.

Sasa fikiria upande wa nyumbani. Kijana wa kijijini kachukuliwa, kapelekwa nchi ambayo mama yake hajawahi hata kuisikia. Barua zinachukua miezi. Nani anamwambia huyo mama kinachoendelea? Hakuna. Na pasipo na habari, uvumi hauchelewi kuingia.

Migodini nako hapakuwa shwari. Machi na Aprili 1940 wachimba migodi Waafrika waligoma wakidai mshahara. Tarehe 3 Aprili, pale Nkana, askari waliufyatulia risasi umati, na watu 17 wakapoteza maisha. Serikali ikawa na mzigo mzito: inataka watu hao hao wachimbe shaba na waende vitani, huku jana yake imewapiga risasi.

Gazeti la Waafrika lilikuwepo, linaitwa Mutende, lilitolewa na serikali tangu 1936. Lakini gazeti linamfaa anayejua kusoma, na wakati huo waliojua kusoma walikuwa wachache. Ilitakiwa njia ya kumfikia mtu sikioni moja kwa moja.

WATI 300 TU

Mwaka 1941 Idara ya Habari ya serikali ikafunga mtambo wa kurushia matangazo mjini Lusaka. Nguvu yake ilikuwa wati 300. Ili upate picha, pasi ya umeme ya nyumbani hutumia kama wati 1,000. Yaani mtambo uliotakiwa kuitangazia nchi nzima, nchi inayokaribia kuwa kubwa kama Tanzania, ulikuwa na nguvu isiyofika hata theluthi ya pasi!

Iliwezekanaje? Siri ipo kwenye masafa mafupi. Mawimbi ya masafa ya kati hufuata ardhi na kufifia kadiri yanavyosonga mbele. Mawimbi ya masafa mafupi yenyewe hupanda juu, yakagonga tabaka la angani lenye chembe za umeme, kisha yakarudi chini mbali sana, kama mpira unaodundishwa darini. Ndiyo maana mtambo mdogo unaweza kusikika mamia ya kilomita. Ubaya wake ni kwamba sauti huja na kupotea, mara inavuma, mara inakwaruza. Wazee waliowahi kutegesha redio ya mkulima usiku wanaelewa ninachosema.

Kazi ya kwanza ya kituo hicho haikufichwa: kupeleka habari za vita. Hii ilikuwa redio ya propaganda, tusizunguke. Ilitakiwa iwaeleze watu kwamba Mwingereza anashinda, kwamba askari wao wanafanya kazi nzuri, na kwamba shaba inahitajika.

Ila kuna jambo moja liliitofautisha na redio nyingine za kikoloni za wakati ule, ambazo kazi yake kubwa ilikuwa kuwaburudisha Wazungu. Tangu mwanzo Lusaka iliwatangazia Waafrika kwa lugha za Kiafrika. Haikuwa hisani. Ujumbe wa vita kwa Kiingereza ungeishia kwa makarani na walimu. Ukitaka mama wa askari aelewe, unamwambia kwa Kibemba au Kinyanja.

Redio za kusikilizia zilikuwa chache mno. Watu walikusanyika penye redio ya pamoja, wakasikiliza wote, kisha wakaenda kusimuliana. Redio moja, masikio mia.

VITA VIMEKWISHA, REDIO IFUNGWE?

Mwaka 1945 vita vikaisha. Kituo kilichozaliwa kwa ajili ya vita kingeweza kufungwa, na hakuna ambaye angeshangaa. Hapa ndipo anaingia bwana mmoja Mwingereza, Harry Franklin, aliyekuwa mkuu wa habari wa serikali pale Lusaka.

Franklin alipendekeza kituo kiendelee, na kiwe cha Waafrika peke yao. Hoja yake ilikuwa kwamba shule zingechukua miaka mingi kuwafikia watu wazima wasiojua kusoma, lakini redio ingeweza kuwafikia mara moja: afya, kilimo, habari za dunia, muziki.

Tatizo likawa pesa. Rhodesia ya Kaskazini peke yake isingemudu. Basi serikali za Rhodesia ya Kusini na Nyasaland zikashawishiwa kuchangia gharama za kuendesha, na serikali ya Uingereza ikatoa fedha za majengo na mitambo. Ndivyo kilivyozaliwa Kituo cha Utangazaji cha Afrika ya Kati, makao yake Lusaka, kikitangaza kwa Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kishona, Kindebele na Kiingereza.

Hebu tulia hapo kidogo. Kwa mara ya kwanza mtu wa Barotse na mtu wa Kasama, ambao hawakuwahi kuonana, walisikia lugha zao zikitoka kwenye kisanduku kimoja, zikipewa zamu kwa zamu. Viongozi wa uhuru wangekuja baadaye kuhubiri umoja, lakini masikio ya watu yalishaanza kuzoea kusikia majirani zao.

SUFURIA LILILOTOA SAUTI

Sasa una kituo, una watangazaji, una lugha saba. Msikilizaji atasikilizia nini? Redio za wakati huo zilikuwa masanduku makubwa ya mbao, bei yake ya Kizungu, na nyingi zilihitaji umeme wa ukutani ambao kijijini haukuwepo.

Franklin alihangaika miaka mitatu hivi akiwabembeleza wenye viwanda Uingereza watengeneze redio ndogo, rahisi, ya betri, ya masafa mafupi, kwa ajili ya Mwafrika. Wengi hawakuona faida. Mwafrika atanunua redio? Kwa pesa ipi?

Aliyekuja kukubali hakuwa mtengeneza redio bali kampuni ya betri. Ukifikiri vizuri utaona mantiki yake: redio inanunuliwa mara moja, lakini betri inanunuliwa tena na tena.

Wakati wa majaribio mafundi walihitaji kasha. Wakachukua chombo cha alumini cha kipenyo cha inchi 9 kilichokusudiwa kuwa sufuria, wakatia redio humo. Ikakubali! Alumini haipasuki kama mbao kwenye joto na mvua, wadudu hawaitafuni, na ni nyepesi. Hivyo mwaka 1949 ikaingia sokoni redio ya mviringo yenye valvu nne, iliyotengenezwa kuhimili hali ya hewa ya kwetu, na watu wote wakaiita redio ya sufuria.

Bei yake ilikuwa pauni 5, sawa na shilingi 100 za wakati huo. Kwa vibarua wengi hiyo ilikuwa zaidi ya mshahara wa mwezi. Betri iliuzwa peke yake, pauni 1 na shilingi 5, na ilidumu saa 300 hivi. Piga hesabu mwenyewe: ukisikiliza saa tatu kwa siku, betri inakwisha baada ya siku 100. Kila baada ya miezi mitatu na kidogo unatoa robo ya bei ya redio kununua betri mpya. Si mchezo.

Pamoja na hayo watu walinunua. Miezi mitatu ya kwanza ziliuzwa redio 1,500, na katika miaka michache iliyofuata ziliingia kama 50,000. Wale waliosema Mwafrika hatanunua redio wakabaki midomo wazi.

Na tukumbuke kwamba redio moja haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya ukoo, ya majirani na ya wapita njia. Sisi tuliowahi kujaa sebule ya jirani kuangalia mpira kwenye televisheni yake tunajua mambo hayo.

WALIOKUWA NYUMA YA MAIKROFONI

Redio ni sauti, na sauti ni watu. Kituo kiliongozwa na Wazungu, miongoni mwao Michael Kittermaster, na kilikuwa na mtangazaji kijana aitwaye Peter Fraenkel, Myahudi ambaye familia yake ilikimbia Ujerumani ya Hitler na kupata hifadhi Lusaka. Fraenkel ndiye aliyeandika kitabu kuhusu kituo hicho mwaka 1959, akakiita Wayaleshi, yaani namna wasikilizaji walivyolitamka neno la Kiingereza la redio.

Lakini waliopendwa na wasikilizaji walikuwa watangazaji Waafrika, na mkubwa wao kwa umaarufu ni Alick Nkhata. Alizaliwa mwaka 1922. Wakati wa vita alikuwa sajenti Burma. Yaani kituo kilichoanzishwa ili kuwaeleza watu habari za askari kilikuja kumpata mtangazaji wake maarufu kutoka kwa askari hao hao.

Nkhata aliporudi alifanya kazi na Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka nusu ya bara hili, Tanganyika na Kenya zikiwemo, akirekodi ngoma na nyimbo za asili. Kisha akajiunga na redio ya Lusaka. Alikuwa mtangazaji, mkusanyaji wa nyimbo, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi ya redio. Aliimba kwa Kibemba na Kinyanja kuhusu mambo ya mjini: mapenzi, pesa, kwenda migodini, kukumbuka nyumbani.

Kituo kilirekodi muziki wa kila pembe ya nchi hizo tatu, kikajenga maktaba ya muziki wa Kiafrika iliyokuwa kati ya kubwa kabisa duniani. Si kwamba serikali ilipenda ngoma. Bila muziki hakuna msikilizaji, na bila msikilizaji taarifa ya serikali inasemwa kwa ukuta.

Kwa hiyo ukiuliza nini kiliwafanya watu waipende redio ile, jibu si hotuba za gavana. Ni kusikia jina la kijiji chako, wimbo wa bibi yako na lugha yako ikisemwa bila kuombewa radhi.

BANYAMA: IMANI ILIPOVUNJIKA

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Waingereza na walowezi walikuja na mpango wa kuziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland kuwa Shirikisho. Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland waliupinga vikali. Waliona wazi kwamba watawekwa chini ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini na ardhi yao itachukuliwa. Hawakusikilizwa. Shirikisho likaanzishwa mwaka 1953.

Redio ya Lusaka ikajikuta njia panda. Ni ya serikali, na serikali inaunga mkono Shirikisho. Ikae kimya? Iseme habari za mpango huo? Kila ilipozungumzia Shirikisho, msikilizaji alisikia kengele kichwani: kumbe hawa ni wale wale.

Ukatokea uvumi mkubwa. Watu walisema sukari inayouzwa kwa Waafrika imetiwa dawa ili iwamalize nguvu wasiweze kulipinga Shirikisho. Pia zikavuma habari za banyama, watu wanaosemekana kuteka Waafrika usiku kwa niaba ya Wazungu, kuwapumbaza na kuwanyonya damu. Msomaji wa pwani hapo ameshaelewa, ni mumiani hao hao. Kwingine Tanganyika waliwaita chinjachinja. Mwanaanthropolojia Mmarekani Hortense Powdermaker, aliyekaa Luanshya mwaka 1953 na 1954, alizikuta hofu hizo na kuziandika.

Na unajua nani walishukiwa kuwa banyama? Watangazaji Waafrika wa redio! Watu wale wale waliopendwa jana kwa nyimbo zao, leo wananyooshewa vidole.

Ni rahisi kucheka na kusema ni ushamba. Lakini tazama vizuri mantiki ya uvumi ule. Hapa kuna Mwafrika mwenzetu, sauti yake tamu, anaongea lugha yetu, analipwa na Mzungu, na kazi yake ni kutulainisha ili tukubali kitu kitakachotumaliza. Uvumi ulikosea kuhusu damu. Kuhusu siasa, haukukosea sana.

Hapo ndipo redio ilipojifunza kwa machungu. Ilikuwa imetumia miaka zaidi ya kumi kujenga imani, kwa lugha, kwa muziki, kwa ushauri wa afya na kilimo. Jambo moja tu ambalo wananchi walilikataa na serikali ikalilazimisha lilitosha kuitikisa imani hiyo yote.

BAADA YA HAPO

Mwaka 1958 utangazaji ukawekwa chini ya Shirika la Utangazaji la Shirikisho, makao makuu Salisbury, ambayo leo ni Harare. Lusaka ikabaki na idhaa ya Waafrika, lakini usukani ulikuwa kwingine. Redio ya sufuria nayo ikaanza kupitwa na wakati, maana redio za transista ziliingia sokoni, ndogo zaidi na zenye kutumia betri kidogo.

Shirikisho lilivunjika mwishoni mwa 1963. Zambia ikapata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na redio ikabadilishwa jina kuwa ya Zambia. Mwaka 1966 ikawekwa moja kwa moja chini ya serikali, na mwaka 1988 ikawa shirika la ZNBC.

Alick Nkhata aliendelea na utangazaji mpaka akafika ngazi za juu kabisa za redio ya taifa, kisha akastaafu na kwenda kulima Mkushi. Huko ndiko mauti yalikomkuta mwaka 1978, majeshi ya Rhodesia yalipovuka mpaka na kushambulia eneo hilo wakiwatafuta wapigania uhuru wa Zimbabwe. Alinusurika vita vya Burma, akauawa na vita vya jirani akiwa shambani kwake. Rekodi zake bado zipo, na nyingine zilitolewa upya kwenye CD. Zitafute usikie.

TUNACHOJIFUNZA

Kuna wanaosema redio ya serikali haiwezi kuaminika hata siku moja. Historia ya Lusaka inaonyesha si kweli kabisa: ilizaliwa na propaganda, lakini ilipendwa na kuaminiwa pale ilipompa msikilizaji kitu chake mwenyewe. Kuna wengine wanaosema watu wa kijijini huamini chochote redio inachosema. Hilo nalo si kweli. Watu wale walitoa zaidi ya mshahara wa mwezi kununua redio ya sufuria, wakaisikiliza kwa makini, na ilipoanza kuwasemea yasiyo yao, wakaacha kuiamini, tena wakaitungia hadithi ya kutisha.

Serikali iliweza kuweka mtambo, kuajiri watangazaji na hata kupata redio ya bei nafuu. Kumlazimisha msikilizaji aamini ndicho kitu kimoja ilichoshindwa. Walioko kwenye vituo vya serikali leo, vya kwetu na vya majirani, walifikirie hilo.

Haya wadau, wenye wazee waliofanya kazi Ukanda wa Shaba au waliokuwa KAR, waulizeni kabla hawajatutoka, kisha mtumwagie habari hapo chini. Nani ana sufuria la namna hii bado kwao?